Dada Mwanaidi, Ulimpa Nini Mke wa Sajini?

Dada Mwanaidi,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na mtoto. Mke wa Sajini Ramadhani amejifungua. Ni msichana, ametoka arobaini juzi, na macho yake ni mazima. Nimeyaona mwenyewe. Walimleta hapa kwangu Nkoma jana alasiri, nikambeba hadi dirishani, nikamfunua kope kwa kidole kama ulivyonifundisha. Mboni zote mbili ni duara. Zinafuata mwanga.

Nilifurahi, dada. Kisha yule mama akaniambia, "Ni dawa ya dada yako," na tangu hapo sijielewi.

Maana wewe uliniambia hukumpa.

Nakumbuka Swaleh wangu alipozaliwa na ile mboni iliyochirizika chini kama tundu la ufunguo. Mama mkwe alisema nilichungulia jambo nikiwa mjamzito. Ukapanda basi kutoka Jinja, ukamwangalia mtoto, ukanishika bega. "Zuhura, hukufanya kosa lolote. Jicho likianza kuumbika huwa na ufa kwa chini. Ufa hujifunga wenyewe. Huu haukujifunga." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Sijui. Ndicho ninachokitafuta." Nilikukasirikia, unajua? Umesoma Kampala, umesoma ng'ambo, halafu unaniletea sijui.

Likizo ile shule ilipofungwa nikaja kwako Jinja, pale Mpumudde. Kile chumba cha nyuma, na sanduku la mayai lenye joto la balbu, na taa ya mafuta pembeni kwa siku umeme ukikatika. Ulikata kidirisha katika ganda kwa mkasi mdogo, ukaniita nichungulie. Nilidhani nitaona ute tu. Nikaona moyo, mwekundu, unadunda, na karibu yake jicho, kubwa kuliko nilivyotarajia, na ufa wake. Nikasema, "Masikini." Ukaniambia, "Angalia kwanza. Huruma ije baada ya kuona."

Mayai mengine uliyazuia ufa usijifunge, halafu nusu yake ukayatilia ile dawa mpya uliyoijaribu kufunga ufa na nusu maji ya chumvi. Nikacheka: maji ya chumvi ya nini? "Ili nisijidanganye," ulisema.

Kumbe majirani nao walikuwa wanaangalia. Sukari imepotea, sabuni imepotea, na kuna mwanamke mmoja Mpumudde ana mayai nyumba nzima na hauzi. Tena anaongea Kiswahili! Kiswahili hiki Baba alitoka nacho Mumias, Kenya, ndani ya lori lake. Sisi tumenyonya nacho. Lakini sokoni tukikisema wanawake wananyamaza, wanadhani sisi ni watu wa kambini, wa jeshi. Barabarani nacho ndicho kilichotuokoa. Siku ile pale darajani, askari walipolisimamisha basi na Sajini Ramadhani akatia mkono katika kikapu chako cha mayai, ukamwambia, "Taratibu, afande, humo ndani mna macho." Basi zima liliganda. Yeye akacheka. Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Macho ya nani?"

Baadaye akaja nyumbani kwako. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kipofu, na mkewe alikuwa na mimba tena. Alitaka dawa. Wewe ulinisimulia haya ukiwa hapa kwangu, unamenya ndizi: "Nimemkatalia. Tumbo limeshaonekana, Zuhura. Macho huumbika mapema mno, mara nyingi mama hata hajajua kama ana mimba. Na dawa hii bado ni ya mayai, si ya watu." Nikauliza, naye? "Alikasirika. Halafu akalia."

Hatukuonana tena.

Mama Nabirye, jirani yako, aliona watu wasio na sare wakikutia katika gari asubuhi, na mayai yamevunjwa barazani. Wengine wanasema ulichukuliwa kwa kosa la magendo. Wengine wanasema ni kile kifurushi cha dawa kilichotoka ng'ambo, ati wewe ni jasusi. Wengine wanataja tu jina la sajini na kutazama pembeni. Na sajini huyo huyo ndiye aliyekuleta hapa kwetu Mbale, umefunikwa shuka, katika gari la jeshi. Baba hakumuuliza neno. Sajini alisimama safu moja na Baba katika swala ya maiti, akalia kuliko sisi sote. "Mimi hapana jua," alikuwa anasema. "Mimi nilitafuta yeye mpaka nikapata."

Nimchukie au nimshukuru? Kuna nyumba ngapi Jinja ambazo hazina hata kaburi? Wewe una lako hapa chini ya mlima Wanale, tunalipalilia. Nikishika jembe namshukuru. Nikiliweka chini namwogopa. Akija mlangoni nampa chai.

Sasa mkewe anasema ulimpa kichupa, atie matone katika chai mpaka kiishe. Anasema ulimpa kwa mkono wako, mumewe hayupo, ukamwambia asiogope. Basi ulinidanganya mimi? Au ulimdanganya yeye? Ilikuwa dawa, kwa kuwa ulimhurumia? Au maji ya chumvi, kwa kuwa uliogopa bunduki ya mumewe? Wakati mwingine naomba yawe maji. Kisha, dada, naomba iwe dawa.

Maana na mimi nina mimba. Mume wangu peke yake ndiye anayejua. Na kabatini nina vile vichupa viwili nilivyoviokota kwako, karatasi zake zimebanduka, vyote vyeupe kama maji ya kisima. Leo asubuhi nilifungua kimoja, nikanusa. Najua nimeshachelewa, ulinieleza vizuri. Kichwa kinajua. Mkono haukusikia.

Ndipo akabisha hodi mama mmoja kutoka huko Wanale, ana mtoto haoni, amembeba mgongoni. Habari imeshamfikia. Nikamwambia sijui kama ile ni dawa. Akasema, "Lakini mtoto wa sajini anaona." Nikamwambia, "Anaona. Sijui kwa nini." Alinitazama kwa jicho baya. Hakuondoka. Alikaa pale kizingitini, halafu akamgeuza mtoto, akasema, "Basi mwangalie tu." Nikamwangalia. Sikuwa na la kumpa, ila nilimweleza ninachokiona, naye alisikiliza mpaka mwisho.

Alipokwenda nilivimwaga vichupa vyote viwili nyuma ya jiko. Huenda nimemwaga chumvi. Huenda nimemwaga macho ya mtoto wa mtu. Nilisimama pale nikitazama udongo unavyokunywa.

Nakuahidi jambo moja, kwa kuwa mengine siyawezi: hakuna atakayesikia kinywani mwangu kwamba dawa yako inaponya, wala kwamba haiponyi, mpaka atokee mtu aanze upya palepale ulipoishia. Hata anayeuliza akiwa na sare.

Sajini anataka binti yake aitwe Mwanaidi. Mpaka leo wanamwita Mtoto tu, wanasubiri ruhusa yetu, na Baba ameniachia mimi nijibu. Ijumaa atakuja. Nitamwambia kwanza kwamba sijui ulimpa nini mkewe. Nitamuuliza pia, Mungu anipe ulimi, alikutafuta wapi mpaka akakupata. Nikishamaliza, kama bado analitaka jina, alichukue. Mtoto hana kosa.

Basi pumzika, dada yangu. Ukisikia mtu anaita Mwanaidi kule kambini, si wewe. Usiitikie.

Mdogo wako,
Zuhura