Shuka Kidogo, Mama Mghoi

Baba Mghoi,

Usiniulize kwa nini barua hii nimeiandika mahali ambapo kila mtu ataisoma. Miaka yote tuliyokaa pamoja ulikuwa ukisema nina mdomo wa mkutano wa hadhara, kwamba hata ugomvi wa chumvi jikoni nauhutubia. Basi leo nahutubia. Nina swali moja tu kwako, na swali lenyewe linahusu springi za gari.

Sikuulizi habari za mwanamke uliye naye sasa. Namjua kwa sura, najua ametoka Mahoo, najua ndizi za kwao ni nzuri kuliko zetu, na sina neno naye. Tulipoachana hatukurushiana vyombo. Wewe ulibaki na gari, mimi nikabaki na nyumba, na ndugu zangu waliponiuliza kama nimeridhika nilisema ndiyo, kwa sababu nyumba ilikuwa inanijua mimi na gari lilikuwa linakujua wewe. Nimeandika magazetini mara nyingi nikiwakemea wanawake wanaomvamia mwanamke mwenzao huku mwanamume amekaa kando anakunywa chai. Bado naamini kila neno. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Unakumbuka siku ulipolileta gari hilo Voi? Wewe, mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye wateja wako wanafika kutoka Marungu na Ndara na vumbi hadi kwenye kope, uliondoka nyumbani ukisema unaenda kununua pikapu. Ukarudi na kigari chekundu cha milango mitano, cha gia za mkono, chenye tabo ya kuongeza kasi, matairi membamba ubavuni kama mkanda wa suruali, na tumbo lililokaribia ardhi kiasi kwamba kuku wetu alijaribu kupita chini yake akaghairi. Mzee mmoja wa Marungu aliyefuata dawa ya kupe alilizunguka gari lote akiwa na mikono mgongoni, kisha akakuuliza, "Daktari, sasa mbuzi akiugua tutampakia wapi? Kwenye paja la mama?"

Duka zima lilicheka. Wewe hukucheka. Ulinitazama mimi, ukaniambia nipande.

Tulikwenda Mwatate, kisha tukaanza kupanda Wundanyi. Barabara ile nimeipanda tangu utotoni nikiwa nimefumba macho na mfuko wa plastiki mkononi, kwa sababu kila kona ilikuwa inanitoa chai ya asubuhi. Siku ile nilifumbua macho. Ulikuwa ukipunguza gia kabla ya kona, gari linanguruma kidogo kama mtu anayesafisha koo, kisha linaingia kwenye mkunjo bila kuinama, bila kuyumba, limeshika lami kama kenge aliyeshika mwamba. Sauti yake ilikuwa ikigonga majabali na kuturudia. Nilikugeukia niseme kitu, nikakukuta umenyamaza. Wewe uliyezoea kulalamika tangu unapopiga mswaki, ulikuwa umenyamaza kabisa, na shavu lako la upande wangu lilikuwa likicheka peke yake. Nikaamua siku hiyo kwamba gari hilo nitalitetea.

Na nililitetea. Shemeji yangu alipokuita mtoto mwenye kigari cha kuchezea, mbele ya kikao cha harusi, ni mimi niliyesimama. Nikawauliza ni nani aliyepitisha sheria kwamba mtu wa huku apende tu vitu vinavyobeba magunia. Nikawauliza kama furaha lazima iombewe kibali kwa mbuzi. Wewe ukanisogezea sahani yako ya kimanga, ule muhogo wetu wa kupondwa na maharage, ukiwa umeinamisha macho. Sikusahau. Hakuna zawadi uliyowahi kunipa iliyozidi ile sahani.

Halafu kukawa na matuta.

Kwa asiyekaa kwetu ni lazima nieleze. Kati ya Voi na Taveta kuna matuta yaliyowekwa na wenye barabara, na kuna matuta ambayo watu wamejijengea wenyewe baada ya kugongewa mtoto au ng'ombe, na hayo ya pili hayana alama, hayana rangi, na urefu wake hutegemea hasira ya siku hiyo. Gari letu lilikuwa halivuki tuta lolote likiwa na watu wawili. Uzito wangu ulikuwa unalilaza tumbo. Basi unasimama kabla ya tuta, unanigeukia kwa upole, unasema, "Shuka kidogo, Mama Mghoi."

Nashuka. Natangulia mbele, nageuka, nakuelekeza kwa mkono: leta, leta, kata kulia, ngoja, leta. Unalivusha mshazari, tairi moja kwanza, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Kisha nakufuata kwa miguu, nafungua mlango, naingia, tunaendelea hadi tuta lingine. Sehemu kubwa ya kaunti hii nimeitembea nyuma ya gari langu mwenyewe. Vijana wa bodaboda pale Mwatate walikuwa wakiniona wanaambiana kwamba trafiki amefika. Mmoja alinipigia kelele, "Mama, panda kwangu, tutafika Bura huyo bado anaogopa." Ulipandisha vioo. Mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa najua jambo wasilolijua: nilikuwa nimekaa ndani ya gari hilo kwenye kona za Wundanyi, na wao hawakuwahi.

Siku ya ndovu je, unaikumbuka? Karibu na Maktau, mvua ilikuwa imekata ukingo wa lami, nami nimesimama katikati ya barabara nimeinua mkono nikikuelekeza, ndipo nikaona uso wako umebadilika. Walikuwa wametoka kichakani nyuma yangu, mama na ndama wake, wekundu kwa udongo kama gari letu. Ulisema kwa sauti ya chini, "Ingia polepole." Niliingia. Uliliondoa gari na uzito wangu wote ndani, na likasugua lami kwa mlio uliomfanya hata ndovu yule atandaze masikio. Tulipofika mbali ulisimama, ukashuka, ukainama ukatazama chini ya bampa, ukapapasa kwa kidole. Kisha ndipo ukaja dirishani kwangu ukaniuliza kama niko salama.

Wakati ule nilicheka mpaka nikalia. Nilikuwa hai, na ulikuwa mcheshi. Siku hizi ninapokumbuka ule mpangilio, bampa kwanza, sicheki.

Goti langu la kushoto lilipoanza kuuma hukulaumiwa na mtu. Ni umri, ni mwili wa mama zangu. Lakini kushuka na kupanda gari lililolala chini vile ni kazi ya goti, na matuta yalikuwa yanaongezeka kila msimu. Tulikuwa kwa fundi, Voi, siku nilipokuomba uliinue gari. Fundi mwenyewe alisema ni jambo dogo: anaweka spesa, vile vipande vya kuinulia, juu ya springi, gari linapanda vidole viwili, unavuka tuta na familia yako yote. Nilikuambia, na nilikuambia mbele yake, "Mtu si mzigo, Baba Mghoi, wa kushushwa kila tuta."

Ulinijibu bila hasira. Laiti ungenijibu kwa hasira. Ulisema, "Hii gari ukiiinua si gari tena. Ni ndoo juu ya stuli." Ukanionyesha kwa kiganja jinsi litakavyoinama kwenye kona, litakavyokosa kushika, litakavyokuwa kama magari ya wengine wote.

Nami nilikuelewa. Hilo ndilo jambo ambalo leo linanichoma. Nimebishana na wanasiasa, wahubiri, wahariri, sikuwahi kukubali kushindwa, lakini pale kwa fundi nilikunja hoja yangu nikaiweka mkobani, kwa sababu nilikuwa nimeuona uso wako kule milimani na sikutaka kuwa mtu aliyeuzima. Nikaanza kubaki nyumbani. Kwanza safari za Taveta, kisha za Mwatate, kisha hata za kanisani. Uliniaga kwa heshima, na kiti cha pembeni kikawa kinasafiri kitupu. Kiti kitupu hakikai kitupu muda mrefu, hilo hata kitabu hakihitajiki kulifundisha.

Sasa sikiliza nilichokiona.

Nilikuwa Mwatate, sokoni, nimeshika mchicha. Nikasikia mlio wa ekzosi yako. Sikuhitaji kugeuka, goti lilijua kabla ya sikio. Niligeuka hata hivyo, nikaliona linakuja kwenye lile tuta baya karibu na vibanda, lile lililotuvunjia bampa mara ya kwanza. Nikasubiri lisimame. Nikasubiri mlango ufunguke. Nikiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kufurahi: nilitaka nimwone huyo wa Mahoo akishuka mbele ya vijana wa bodaboda, na viatu vyake, na mkono wake ukielekeza.

Mlango haukufunguka. Ulivuka tuta moja kwa moja, bila mshazari, kama lori. Yeye alikuwa ameketi akimenya chungwa, na hata ganda halikumkatika mkononi.

Nilichuchumaa pale pale, na goti langu hili, nitazame chini ya gari linavyoenda. Mama muuza ndizi aliniuliza, "Umeangusha nini, mama?" Nikamwambia hakuna. Nilidanganya.

Jumapili iliyofuata gari lilikuwa nje ya kanisa, nawe uko ndani unaimba besi. Niliweka mkono kati ya tairi na bodi. Zamani kidole changu kilikuwa hakipiti. Kiganja kizima kiliingia.

Nikampigia Mghoi chuoni, nikamuuliza habari za gari kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Binti yetu hana hila. Alisema, "Mama, kwani hukujua? Baba aliweka spesa. Alisema mtu si mzigo wa kushushwa kila tuta."

Maneno yangu, Baba Mghoi. Neno kwa neno, na pumzi yake. Kumbe siku ile kwa fundi ulikuwa unasikiliza. Kumbe hoja ilikuingia, ikakaa ndani yako miaka yote hiyo ikisubiri mtu anayestahili kuitumia. Nimeshinda mjadala, na tuzo amekabidhiwa mwingine, ambaye hakufungua hata mdomo, alikuwa anakula chungwa.

Wasomaji wangu wataniambia wivu ni wa wasichana. Waniache. Wivu wangu hauna haja na kukoroma kwako wala na duka lako linalonuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ninaona wivu juu ya vidole viwili vya urefu. Nimelala nikiviwaza, nimeamka nikiviwaza, na nikipita kwenye tuta lolote ndani ya gari la mtu, mkono wangu bado unatafuta kitasa cha mlango kabla sijajizuia.

Nimejaribu kujifariji. Nimejiambia kwamba yeye anapanda ndoo juu ya stuli, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa na gari lilipokuwa gari. Ni faraja nzuri, inadumu mpaka chai ya saa nne. Baada ya hapo swali linarudi, na ndilo hili: ulijua gari litaharibika. Ulijua kuliko mtu yeyote. Ulinionyesha kwa kiganja. Ukaliharibu hata hivyo, kwa hiari yako, na ukavuka tuta unatabasamu. Ulilipenda gari kuliko mimi, hilo nililizoea, nililigeuza hata kuwa mzaha wa kusimulia wageni. Sikuwahi kudhani kwamba yupo mtu ambaye utampenda kuliko gari. Niambie alifanya nini. Niambie kama aliomba, au kama hukusubiri aombe.

Usipojibu nitaelewa, nimekuelewa mno maishani. Sikuombi urudi, wala sikuombi uliteremshe. Ninaomba jambo moja. Siku mtakayopanda Wundanyi, na gari likainama kwenye ile kona ya majabali, naye akashika dashibodi akakuuliza limekuwaje, usimweleze lilivyokuwa linashika zamani. Mwambie ni barabara. Hicho kilichobaki niachie mimi.

Nakutakia matuta mafupi.

Aliyekuwa akishuka,
Mama Mghoi