Leo ni Ijumaa, Mheshimiwa

Mpendwa ndugu yangu wa kitanda cha chini,

Wiki jana ulinitumia ujumbe wa sauti kutoka Nairobi: "Ndugu yangu, kampeni zinakaribia. Niandikie hotuba tamu kuhusu sisi tuliovuja jasho Uarabuni. Wewe ndiye mwenye maneno." Maneno ninayo. Nimeyaweka hadharani yasije yakapotelea mfukoni mwako pamoja na ahadi.

Unakikumbuka chumba chetu cha Al Mankhool, Dubai, walinzi wanane na choo kimoja. Nyuma ya mlango tulibandika karatasi ya zamu, na mwenye zamu ya kusugua choo ndiye tuliyemwita Mheshimiwa. "Yalla, Mheshimiwa, bunge linanuka," tulimwambia, naye alichukua brashi akiapa kutufukuza wananchi wote. Zamu yako ilikuwa Ijumaa. Na kila Ijumaa mgongo wako uliuma.

"Barasa, nishikie leo tu," ulikuwa ukisema, umejifunika shuka hadi kidevuni. Barasa alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka lango la ghala kule Freezone, saa kumi na mbili za kusimama. Alikunja suruali akaingia chooni. Siku moja tu nilimsikia akikujibu: "Mgongo huo utakufikisha mbali."

Ukakufikisha. Ulirudi nyumbani ukawania uwakilishi wadi, nasi tukawapigia simu shangazi zetu wote wa upande ule wakupe kura. Katika bunge la kaunti ulikaa muhula mzima, na hoja yako moja inayokumbukwa ni ya kubadilisha viti vya ukumbi. Hata hiyo ilikuwa hoja ya mgongo.

Kisha ukataka Bunge la Taifa. Mkutano wako tuliutazama chumbani, simu moja, vichwa saba. Ulipanda juu ya gari, ukavua koti, ukainua viganja: "Mikono hii imeosha vyoo Dubai!" Akina mama walilia. Barasa aliviangalia viganja vyake, akasema, "Haya, angalau brashi yangu imeingia Bungeni." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hilo nilikusamehe. Mwanasiasa kuiba jasho la mwenzake ni kazi yake, kama kunguru na mkate. Ambalo sikusamehe ni la hotelini.

Ulikuja Dubai, mbunge sasa, na kamati yenu ya Bunge kusikiliza vilio vya wafanyakazi. Hoteli ilikuwa mitaa miwili kutoka chumbani kwetu. Hukupita hata kusalimu. Barasa alipiga shati pasi mara mbili. Mwajiri wake ameikalia pasipoti yake, na mama yake amelazwa kule kwao, anamwita kwa jina. Hakutaja choo. Alikuomba barua moja ya kamati kwenda ubalozini, sahihi yako tu, apate kurudi.

Ulimtazama kama anayetazama kioo cha dirisha. "Wewe ni wa eneobunge gani?"

Akakutajia.

"Aa, hilo si langu. Mwone mbunge wako. Anayefuata."

"Sawa, Mheshimiwa," akasema Barasa.

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Miaka yote tuliyolala chumba kimoja hakuwahi kukuita hivyo, maana hukuwahi kuishika brashi. Siku ile alikupa cheo hicho bure, nawe ukadhani ni heshima.

Mama yake bado yu hai. Jana aliuliza kwenye simu kama mwanawe ameshapanda ndege. Barasa alimwambia, "Karibu nipande, mama, inshallah."

Basi hotuba yako hii hapa, fupi, hata wewe huwezi kuikosea: "Barasa alinioshea choo. Leo nimetia sahihi barua yake." Itamke ukishatia sahihi, si kabla.

Na ukinyamaza? Karatasi ya zamu ninayo. Niliibandua siku uliporudi nyumbani. Kando ya jina lako, Ijumaa baada ya Ijumaa, kuna alama ya kalamu na mwandiko wa Barasa: *nimefanya mimi*. Mpinzani wako ameshanipigia mara mbili. Sijampokea. Bado.

Msalimie mgongo. Brashi iko palepale nyuma ya mlango, na leo ni Ijumaa.

Ni mimi,
nduguyo wa kitanda cha juu