Imekataa Kuzunguka au Imekataa Kushika?

Baba Mutheu,

Pikapu yako ilikataa. Najua ungekuwa hapa ungeshaniuliza lile swali lako, hata kabla ya kunisalimia: "Imekataa kuzunguka au imekataa kushika?" Basi nakujibu mapema. Kwanza ilikataa kuzunguka, halafu ikakataa kushika. Imekaa pale gereji yenu Kawangware miezi minne bila wewe, ulitaka ifanye nini?

Wateja wako walilichukia hilo swali. Mtu anakuja anatiririka jasho, anakwambia gari imekufa, na wewe unafuta mikono polepole na kitambaa chako kichafu, unamuuliza kama daktari. Kisha unamweleza. Ukigeuza ufunguo ukasikia "tik" halafu kimya, hiyo haizunguki, angalia betri na nyaya zake, kisha stata. Ikizunguka vizuri lakini injini haiwaki, hiyo haishiki, tafuta moto wa plagi au mafuta. "Usinunue betri kwa shida ya mafuta," unamwambia, na yeye anataka tu kwenda kazini. Siku ile nilikuwa na homa, nimejifunika blanketi mbili, ukainama ukaniuliza kama nimekataa kuzunguka au nimekataa kushika. Nilikurushia kijiko. Nilicheka baadaye, ulipotoka, ili usione.

Nakumbuka zile Jumamosi zetu. Nikishafunga kibanda changu cha ndengu pale Sarang'ombe, nilikuletea chakula, na kabla hujala ulikuwa unaniambia, "Panda hapo kidogo." Nakaa kwenye kiti cha dereva, wewe kichwa chako kimepotea ndani ya boneti, nakuona mgongo tu. "Piga." Nageuza ufunguo. "Wacha." Naachilia. Mimi sijui kuendesha gari hadi leo, lakini nimewasha magari mengi kuliko madereva wengi wa Nairobi hii. Na sikuwa naachilia mpaka useme. Kuna siku simu yako ililia, ukaanza kuongea na mtu wa spea, ukanisahau. Nilishikilia ufunguo mpaka stata ikaanza kunuka. Ulikuja mbio. "Mama Mutheu, kwani hukusikia imeshika?" Nikakujibu, "Nilisikia. Hukusema wacha." Ulicheka mpaka ukashikilia mlango.

Halafu ile tabia yako ya fyuzi. Kila jioni kabla ya kurudi nyumbani unachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, unaiweka kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, unafunga kifungo. Nilikuuliza ni mwizi gani atataka pikapu ambayo ukikaa ndani unaona barabara kupitia sakafu. Ukasema mwizi hana macho. Nimefua fyuzi zako mara ngapi? Naisikia ikigonga beseni, naitoa, naiweka dirishani ikauke, na asubuhi unaitafuta nyumba nzima huku umepita mbele yake.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nimekukasirikia.

Ile Jumanne ulinipigia simu saa nne. Ukasema tumbo linakukata, umeita boda, unaenda hospitali wakuangalie. "Nitarudi jioni," ukasema. Nilikuwa nampimia mteja ndengu, simu nimeibana kwa bega. Nikakwambia sawa. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwako, sawa, tena nililisema nikiangalia mizani. Kufika saa tisa ulikuwa umeondoka. Muthokoi, yale mahindi ya kukoboa niliyokuwa nimeanza kukuchemshia kwa jioni, ililiwa na waombolezaji.

Kwenye matanga akina mama wa kanisa waliniketisha katikati yao. Wakaniambia, kwa upole tu, kwamba wewe ulijua. Ati wanaume hujua wakati wao umefika na hunyamaza ili wasiwasumbue watu. Walitaka kunituliza, lakini mimi nilibaki na swali. Kama ulijua, kwa nini ulinidanganya kuhusu jioni? Miaka kumi na tisa, halafu mtu ananiaga kwa uongo kwenye simu? Nililia usiku, na mchana nikakasirika, na sikujua niache lipi kwanza. Hospitali walinipa mfuko wenye ovaroli yako na viatu. Niliusukuma chini ya kitanda na sikuufungua. Mutheu aliniomba afue zile nguo, nikamkemea bila sababu, mtoto wa watu.

Wiki iliyopita mwenye ploti ya gereji akapiga simu. Anataka kujenga. Gari inayotembea itolewe kabla ya Jumamosi, isiyotembea watakuja watu wa vyuma chakavu waikate. Nilihisi kama ananiambia watakuja kukukata wewe. Nikamwendea Ouma, yule mlikuwa mnafanya naye kazi bega kwa bega, akasema ikiwaka ataiweka kwao.

Alhamisi nikafunga kibanda nikaenda. Uliza swali lako sasa. Haikuzunguka. "Tik," kimya. Ouma akachaji betri, akasugua vichwa vyake mpaka vikang'aa. Nikapanda kwenye kiti. "Piga," akasema. Sauti yake nyembamba, sio yako, na mkono wangu ulichelewa kidogo. Ikazunguka kwa nguvu, lakini haikushika. Tukajaribu tena na tena.

"Mama Mutheu, pole," Ouma akasema. "Pampu imeenda. Hata haisikiki. Na ya gari ya umri huu, kuipata kabla ya Jumamosi ni ngumu."

Nilienda nyuma nikaweka sikio karibu na tangi, vile ulinifundisha, yeye akafungulia ufunguo bila kuzungusha. Ule mngurumo mdogo wa pampu haukuwepo. Na hapo nikasikia mdomo wangu ukitoa maneno yako: "Umeuliza umeme kama unafika?"

Ouma aliniangalia. Akachukua taa ya kupimia, akaigusisha kwenye waya wa pampu. Haikuwaka. Akafuata ule waya mpaka kwenye sanduku la fyuzi, akainama, akapapasa.

"Hakuna fyuzi hapa," akasema, kumbe ile tabia yako hata yeye hukumwonyesha. "Imechomolewa. Lakini ninazo kwa mkebe, nikuwekee?"

Nikamwambia hapana, angoje hadi kesho. Akauliza nangoja nini.

"Ina yake. Iko nyumbani."

Nilirudi nyumbani kwetu, Lindi hii ya Nairobi. Nikaketi sakafuni nikavuta ule mfuko. Nilipoufungua, petroli na grisi na wewe mlitoka pamoja, na nilikaa hapo muda mrefu kabla sijagusa chochote. Kifungo cha mfuko wa kifuani kilikuwa kimefungwa. Ndani kulikuwa na fyuzi ya buluu.

Baba Mutheu, tumbo limekukata, boda inangurumisha injini hapo nje, na bado uliinama chini ya dashibodi ukachomoa fyuzi. Ukafunga na kifungo. Mtu anayejua harudi hafanyi hivyo. Anaiacha gari jinsi ilivyo. Wale akina mama hawakujua, na wewe pia hukujua. Uliniambia utarudi jioni kwa sababu ulikuwa unarudi jioni. Nilikuomba msamaha hapo sakafuni, kwa sauti, na hasira ikaisha. Kilichobaki ni kukukosa tu. Ni kizito kuliko hasira, sitakuficha.

Ijumaa niliiweka ile fyuzi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ouma alikuwa mbele, kichwa ndani ya boneti, mgongo tu unaonekana. Nikafungulia ufunguo, pampu ikanguruma. Nikapiga. Injini ikashika mara moja, kana kwamba ulikuwa umeizima jana.

Ouma akapaza sauti, "Imeshika, Mama Mutheu! Achilia, imeshika!" Stata ilikuwa inapiga kelele mbaya. Nilimsikia vizuri, na injini niliisikia pia. Lakini mkono haukutoka kwenye ufunguo, Baba Mutheu. Nilikuwa nangoja useme wacha.

Alikuja akanitoa vidole kimoja kimoja.

Gari iko kwa akina Ouma sasa, salama. Fyuzi ninayo mimi, kwenye mfuko wa aproni yangu ya kibandani, na nimefunga kifungo. Pumzika. Hii jioni ya kwako imekuwa ndefu, lakini sitakudai tena maelezo.

Ni mimi wako wa kwenye kiti cha dereva,
Mama Mutheu