Kichwa cha Namba Kumi

Jumanne, 2 Septemba

Mazoezi saa kumi. Vijana ishirini. Wawili wagonjwa, mmoja kachelewa maabara. Uwanja mkavu, vumbi mpaka kwenye meno. Tumeanza na pasi za mstari, kisha mashambulizi. Hiyo ndiyo kazi yangu kwenye timu ya raga ya chuo. Mbugua ni kocha mkuu, anabeba timu nzima. Mimi nabeba mashambulizi: mipango, nani aingie, nani atoke. Mwaka wa tisa huu.

Mipango yetu nimeipa majina ya stendi za njia yangu ya kurudi nyumbani. Kimbo. Juja. Witeithie. Makongeni. Wapinzani wakisikia hawaambulii kitu.

Leo nimepaza sauti, "Juja!" Vijana wakajipanga. Na mimi sikujua Juja ni nini.

Nimeibuni mwenyewe. Nimeifundisha miaka minne. Nilisimama na filimbi mdomoni nikimtazama Brian, namba kumi wetu, ambaye ndiye huongoza shambulizi. Alijifanya anampa mwenzake wa karibu, akaurusha mpira nyuma ya mgongo wa huyo kwa wa nje. Pengo likafunguka kama mlango.

"Safi," nikasema.

Kumbe ndiyo Juja.

Niliogopa.

Jumatano, 3 Septemba

Daktari wa Thika alisema niandike kila siku. Nilikwenda kwake mwezi uliopita, nikamwambia mke wangu Njeri naenda kuangaliwa goti. Picha za kichwa zikapigwa. Daktari ni msichana mdogo, ananiita mzee, na mimi nina miaka arobaini na moja. Aliniuliza niligongwa kichwani mara ngapi nikicheza. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alisema mambo matatu. Kwamba ubongo umeumia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kwamba haurudi ulivyokuwa. Kwamba nimwambie mwajiri na nyumbani.

La kuandika nimelifanya. Hayo mengine bado.

Alhamisi, 4 Septemba

Nilitoka Kakamega nikiwa na miaka kumi na tisa, begi moja na viatu vya kuazima. Klabu ya Nairobi ikanichukua. Miaka kumi na minne nikavaa jezi namba kumi. Waliniita Dereva. Mimi ndiye nilikuwa naamua: piga teke, toa pasi, kimbia. Macho thelathini yananingoja mimi. Sijawahi kupata kitu kingine kama hicho, hata siku ya harusi. Nisamehe, Njeri.

Kuna mechi moja niligongwa dakika za mwanzo na goti la jitu moja. Nikainuka. Nikacheza mpaka mwisho, nikapiga mateke manne yote yakaingia. Sikumbuki hata moja. Nilizinduka tukiwa tunakula nyama. Mbugua alikuwa nahodha wetu. Hadithi hiyo ameisimulia miaka yote na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi pia.

Goti likaniharibikia, nikaacha. Mbugua akanivuta hapa Ruiru. Kazi sina nyingine. Cheti sina kingine.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumeshinda. Brian alicheza kama mtu anayeona sekunde mbili mbele. Mwaka wa tatu, kijana wa Bungoma, mkimya. Nimemfundisha kila kitu nilichokuwa nacho.

Baada ya mechi Mbugua akaniita kando ya gari. "Shiundu, mimi nimechoka. Januari naenda Nyeri kwa ng'ombe wangu. Nimeshaongea na wakubwa. Timu ni yako."

Miaka tisa nimengoja sentensi hiyo.

Nikasema asante. Nikaenda chooni nikaosha uso. Nikakaa humo muda mrefu. Sasa siwezi kusema. Nikisema leo, nimekosa hata nilicho nacho.

Jumatano, 10 Septemba

Nilitoka chuoni kwa miguu kutafuta betri za saa ya mazoezi. Duka nalijua. Nikatoka dukani nikasimama barabarani, katikati ya Ruiru, saa nane mchana, jua kali, na sikujua nyumbani ni upande gani.

Si kwamba nilipotea. Mtu aliyepotea anajua anakokwenda.

Kijana wa boda akauliza, "Mzee, twende?" Sikuwa na pa kumwambia. Nikampigia Njeri nikamuuliza kama tuna nyanya. Akauliza, "Baba Imani, uko wapi?" Nikasema kazini. Akasema, "Nyanya ulizinunua asubuhi. Uliniletea saluni."

Ilirudi baadaye. Kiganjo, kule Thika. Nyumba ya geti la kijani. Ilirudi yote kwa mpigo, kama taa zinavyowaka stima ikirudi.

Jumatano hii naichukia.

Alhamisi, 11 Septemba

Njeri amezipata karatasi za hospitali. Zilikuwa ndani ya kiatu cha raga. Aliniwekea mezani, Imani akiwa shuleni, akavuta kiti.

"Hili ndilo goti?"

Nikazikunja karatasi.

"Nilidhani una mwanamke," akasema. "Wallahi ningependa awe mwanamke." Halafu akalia. Njeri halii. Amezika wazazi wote wawili bila mimi kuona chozi.

Anataka nimwambie Mbugua kesho. Nimesema ligi ikiisha. Wiki tano. Amesema, "Na ukisahau mtu?" Nimekasirika. Nimemwambia sijawahi kumsahau mtu yeyote maishani mwangu. Nimebamiza mlango.

Nilikuwa naongea kwa sauti ya mtu mwingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika yote kabla hayajatoka.

Mechi ya nyumbani. Dakika chache kabla ya mapumziko Brian aligongana kichwa na mlinzi wao. Akalala. Akainuka mwenyewe. Mapumziko yakafika. Tukaongea. Tukarudi. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza, yeye yuko nje kando yangu, tuko nyuma pointi mbili. Akasema, "Niko fiti, Kocha." Nikamwangalia. Nikaona namba kumi wangu hayupo uwanjani na sikuona sababu.

Nikamrudisha.

Sista Wambui, muuguzi wa timu, alikuwa upande wa pili akimfunga mtu bandeji. Nilimsikia akipiga kelele jina langu. Nilidhani anataka maji.

Brian alicheza dakika tatu. Akapokea mpira, akaangushwa, si kwa nguvu. Hakuinuka. Miguu ilikuwa inatetemeka yenyewe.

Wambui alinipita akikimbia na begi. "Nilikuambia! Si nilikuambia!"

Uliniambia nini?

Jumapili, 14 Septemba

Brian yuko hai. Damu imevuja kidogo ndani ya fuvu. Hawampasui, wanamchunga. Hajaamka vizuri.

Wambui anasema alinijia wakati wa mapumziko akaniambia Brian asirudi kabisa. Kwamba nilisema sawa. Nimepekua kichwa changu kama mtu anayepekua nyumba iliyoibiwa. Hakuna. Mapumziko nakumbuka machungwa. Nakumbuka kijana mmoja akifunga kamba za kiatu. Wambui simwoni.

Nikaanza kuamini anajitetea. Nusu saa nzima niliamini hivyo, na nilijisikia vizuri. Naandika hilo nalo.

Halafu nikafungua daftari langu la mechi. Ukurasa wa jana. Mwandiko wangu, mstari chini: BRIAN NJE. KICHWA. WAMBUI KASEMA.



Jumatatu, 15 Septemba

Chuo kimeunda kamati. Kikao Alhamisi. Mbugua alikuja mpaka nyumbani, akakataa chai, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nani alimsikia Wambui akikuambia?"

"Hakuna mtu."

"Basi ni neno lako na lake. Wewe hukuambiwa. Kijana alisema yuko sawa, ukamwamini. Kocha yeyote angefanya hivyo." Akanishika bega. "Yeye ni wa mkataba, atapata kazi kwingine. Wewe utapata wapi?"

Si mtu mbaya. Amenibeba tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Ndivyo tulivyobebana siku zote, mmoja akianguka mwingine anasema hajaanguka.

Sikumwonyesha daftari. Nililikalia. Kweli, nilikuwa nimelikalia kwenye kochi muda wote huo.

Nikinyamaza, Wambui anafukuzwa kwa kosa langu. Nikisema niliambiwa, mimi ni mtu aliyemtoa kijana kafara kwa pointi mbili. Nikisema nilisahau, mimi si kocha tena, si kitu. Nimezunguka chumba hiki jioni yote na kila upande ni ukuta.

Jumanne, 16 Septemba

Brian ameamka. Anaongea polepole. Mwanga unamuumiza, wamefunga pazia.

Mama yake amefika kutoka Bungoma. Mwanamke mwembamba, kitambaa cha kanisa kichwani. Aliposikia jina langu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniongelesha Kiluhya.

"Wewe ndiye Brian anayemwita baba wa huku. Mungu akubariki kwa kumtunzia mtoto wangu."

Nikasema ndiyo mama. Nikasema asante mama. Nikatoka nje, nikapita korido, nikapita geti, nikafika barabarani. Nilikuwa najua kabisa nyumbani ni upande gani. Sikutaka kwenda.

Jumatano, 17 Septemba

Sikuenda kazini. Sikula. Imani amenisomea kitabu chake cha shule chote, kurasa zote. Sijui alichosoma.

Alhamisi, 18 Septemba

Kikao kilianza saa nne. Watu sita mezani. Wambui alikaa peke yake mwishoni, begi mapajani, kama mtu anayengoja gari. Mbugua alizungumza kwanza, vizuri sana, jinsi anavyojua. Kisha mwenyekiti akaniuliza: uliambiwa au hukuambiwa?

Nilifungua daftari. Nikasoma maneno matano.



Mwenyekiti akauliza kwa nini basi nilimrudisha. Nikasema nilisahau. Mtu mmoja akacheka kidogo, nadhani alidhani ni jeuri. Nikatoa karatasi za daktari nikazisukuma mezani. Nikasema sikumbuki sista akinijia. Sikumbuki hata sasa. Nikasema nimejua tangu Agosti kwamba kichwa changu kimeharibika na nikanyamaza kwa sababu nilitaka timu. Sista alifanya kazi yake. Mimi sikupaswa kuwa pale uwanjani.

Mbugua alikuwa anaangalia mikono yake.

Saa sita nilikuwa nimesharudisha funguo za stoo, filimbi, jezi mbili, koni. Mlinzi wa geti akasema, "Kesho, Kocha." Nikasema kesho.

Njeri alikuwa amefunga saluni. Alikuwa amekaa kwenye ngazi.

Nilidhani ningejisikia mwepesi. Watu husema hivyo. Sikujisikia mwepesi. Nilijisikia kama nyumba iliyohamwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Wambui alipiga simu. Anabaki kazini. Akasema hakunipigia kunishukuru, kwa sababu nilimwacha siku nne akidhani amepata wazimu. Ana haki. Nikamwambia ana haki. Kisha akaniuliza natumia dawa gani.

Mbugua hajapiga.

Jumatatu, 22 Septemba

Nilimwambia Brian mwenyewe. Mama yake alikuwepo. Nilisimama, sikutaka kukaa. Nilisema niliambiwa asirudi, nikasahau, na kwamba nilijua nina ugonjwa huo.

Mama alitoa mkono wake kwenye kitanda akauweka mapajani. Afadhali angenipiga.

Brian alikuwa amefumba macho. "Daktari amesema sitacheza tena. Hata msimu ujao. Kabisa."

"Najua."

"Mimi ndiye nilisema niko fiti."

"Hiyo si kazi yako kuijua. Ilikuwa kazi yangu."

"Kocha, toka tafadhali."

Nikatoka.

Jumamosi, 27 Septemba

Mechi ya ugenini leo. Sijui matokeo. Nimefua viatu vya Imani, nimetengeneza bawaba ya mlango niliyoivunja. Mbugua alikuja saa kumi, mechi ikiendelea huko. Hakwenda. Alikaa kwenye kochi na hakuleta hadithi yoyote. Baadaye akasema, "Yale mateke manne. Nilikuona ukizunguka upande usio wetu baada ya lile la kwanza. Mimi ndiye nilikugeuza nikakusukuma." Akanywa chai yote. Akaomba nyingine. "Nilikuwa nahodha," akasema.

Nikamwongezea chai.

Jumanne, 7 Oktoba

Kliniki ya kichwa, Thika. Njeri alinisindikiza. Mabenchi yalikuwa yamejaa, tukaonyeshwa nafasi mbele, na waliokuwa wameketi pale ni Brian na mama yake. Hakukuwa na pengine pa kukaa.

Mama alimsalimia Njeri. Kisha wakaanza kuongea, polepole, mambo ya mvua na bei ya mahindi. Mimi niliangalia sakafu. Brian alikuwa na miwani nyeusi kwa sababu ya mwanga. Amepungua.

Akasema, bila kunigeukia, "Wewe ilianza na nini? Majina?"

"Majina. Kisha njia."

"Mimi ni maneno. Nataka kusema kijiko, inakuja ufunguo."

"Umewaambia?"

"Bado."

"Waambie leo. Yote. Usiache hata moja."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyebeba maji.

Muuguzi akaita jina lake. Akainuka, akavua koti, akatafuta pa kuliweka. Nilinyoosha mkono. Alisita kidogo, kisha akanipa, akaingia ndani na mama yake.

Nililishika mpaka alipotoka.