Michikichi ya Yatima

Jumatatu, 3 Rajabu
Nimekamua mawese tangu asubuhi. Mgongo unaniua. Watoto wamekula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, wamelamba hadi sahani. Michikichi hii marehemu dada yangu Zena aliiweka wakfu kwa yatima wa Rumonge. Haiuzwi, hairithiwi. Msimamizi ni mimi. Na yatima wanazidi, malale, ugonjwa wa usingizi, yanamaliza wazazi. Nimewakataza watoto kulala mchana. Anayesinzia namrushia maji. Wananiona mkali. Na wanione.

Alhamisi, 6 Rajabu
Askari wa Mdachi wamekuja. Amri: pwani yote ihame, tupande mlimani. Miti ya kando ya ziwa ikatwe, ati ndimo wanamokaa mbung'o waletao malale. Michikichi yetu pia. Nikawaambia ile ni mali ya Mungu. Wakacheka. Mjinga mimi, kuwaeleza wakfu watu walioshika mapanga.

Jumamosi, 8 Rajabu
Mtwale, mkuu wa mlimani, amekubali kuwapokea watoto. Sharti: asiwemo mwenye usingizi. Wa usingizi ni wa kambi ya daktari. Mama wa yatima wangu mmoja, Nahimana, alipelekwa huko. Hajarudi. Hakuna aliyerudi.

Jumanne, 11 Rajabu
Nahimana kasinzia na tonge mkononi. Nikamrushia maji. Hakushtuka. Nikampiga kofi.
“Siko nalala, mama. Nafunga macho tu.”
Nimempapasa shingo. Matezi, kama kunde; ndiyo alama ya malale. Nimemfunga leso yasionekane. Naogopa mno. Nimejuta lile kofi.

Ijumaa, 14 Rajabu
Mtumishi wa daktari alipapasa shingo za watoto wote. Leso aliifungua kwanza. Wenzake Nahimana wamepanda mlimani na mtungi wa mwisho wa mawese. Niliwakataza kugeuka nyuma, wakatii. Mchana kutwa nimesikia michikichi ikianguka. Wakfu wa dada yangu sasa ni kuni. Nimeomba kwenda kambini na mtoto. Nikaambiwa: “Mwenye anaingia, hatoki.” Nikasema sawa.

Jumapili, 16 Rajabu
Kambini. Jua la adhuhuri. Nahimana ameniuliza kama anaruhusiwa kulala. Nimemwambia alale. Amenitazama, hakuamini, kisha akaweka kichwa mapajani mwangu. Kata ya maji ilikuwa kando yangu. Nimeyanywa.