Maharage Yaliyopanda Jukwaani

3 Julai

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, nimenenepa kwa umaarufu tu.

Yule uliyesema ataishia kuchunga mbuzi wa watu sasa ni mshauri wa mgombea! Haya, nabandika mabango. Lakini juzi hotuba ilimkwama kwenye kilimo, akaniuliza, "Wewe mtoto wa shamba, wakulima wanataka nini?" Nikamsimulia maharage yako: yamechanganywa na majivu, yako kibuyuni juu ya moshi wa jiko, fukusi hasogei. Akapiga meza. "Kila kijiji ghala la mbegu!" Ndiyo sera yake sasa. Akili yako, mdomo wangu.

Anataka kuyaonyesha mkutanoni. Nitumie kibuyu. Kitarudi kabla ya mvua, naapa.

Mjukuu wako mheshimiwa

18 Julai

Mjukuu wangu mtundu,

Marahaba. Goti linauma, moyo haujambo. Kibuyu nimempa dereva wa lori la mkaa. Mbegu hiyo alinipa mama mkwe siku niliyoolewa. Kila nikipuliza moto nainua macho, naona kamba tupu.

Mvua ni Oktoba. Mwambie mkubwa wako, mbegu huonyeshwa, hailiwi.

Bibi yako

29 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Barua zako tatu nimezipata. Nilikuwa najificha.

Mgombea alikiinua kibuyu, uwanja ukalipuka. Kisha kikaachwa kwa wapishi. Wakaona maharage yamejaa majivu, wakayaonea huruma, wakayaosha, wakayachemsha. Nami nilikula sahani mbili, Bibi! Nikasema, "Matamu kama ya nyumbani!" Ndipo nikakiona kibuyu kitupu kando ya jiko.

Ameshinda. Anasema ataleta mbegu za magunia. Si zile. Nimekosa, usininyime salamu.

Mjukuu wako

4 Oktoba

Mjukuu wangu,

Salamu sikunyimi. Ulipokuwa na miaka saba uliiba mbegu, ukazikaanga kwenye kifuniko cha sufuria, ukasingizia panya. Panya gani anayetia chumvi? Babu yako alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile naweka mbegu mahali pawili. Nusu iko kwenye debe chini ya kitanda changu. Hiyo usimwambie mgombea, ataifanya sera.

Mawingu yameshuka na goti halikubali kuinama. Kile kijembe chako cha utotoni nimekitia mpini mrefu.

Kibuyu usimpe dereva. Kilete mwenyewe.

Bibi yako