Mashine Imeamkia Chumbani kwa Mama Mkwe

Mpendwa Mama Teresiah,

Naomba msaada wako, na usishangae ukiona naandika kama mtu anayecheka, kwa sababu shida yangu imezaliwa na ushindi na mpaka sasa sijui kama nishangilie au nijifiche.

Naitwa Opicho, mimi ni Mbukusu, naishi Kaloleni, hapa Nairobi, na mke wangu Nerima na binti yetu Millicent. Nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha kompyuta cha kiwanda kimoja hapa Industrial Area mpaka mwaka jana walipotupunguza, na siku ya kuondoka mkubwa wangu akanipa vijiti viwili vya memori vilivyotolewa kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayohudumia zingine zote, akaniambia, "Opicho, hivi vina nguvu, utavipatia kazi." Nikarudi nyumbani kifua mbele, maana nilikuwa nimeshakodi kichumba karibu na ukumbi wa Kaloleni nifungue ofisi ya kupiga chapa, kadi za harusi, ratiba za mazishi, barua za kuomba kazi, na kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa na memori kidogo hata ukiweka picha moja ya marehemu kwenye ukurasa inaganda na ratiba yote inapotea. Wateja wa msiba hawangoji, Mama Teresiah. Bila mashine ya maana sina ofisi, na bila ofisi sina kazi nyingine.

Basi nikavichomeka vile vijiti, mashine ikalia pi pi pi, ikanyamaza. Nikavipeleka kwa Abdinoor, anayeuza kompyuta kuukuu Eastleigh, akavigeuzageuza mkononi akasema, "Boss, hii ni memori ya seva. Mazabodi yako ni mpya na ni ya bei rahisi, haziwezi kuelewana. Wewe rudi nyuma. Tafuta mazabodi ya zamani, ya zile mashine za ofisi kubwa, hiyo itaikubali." Mazabodi ni ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta ambao vipande vingine vyote hukaa juu yake, na mimi niliyelelewa kuamini kwamba kipya kinyemi sasa naambiwa nikatafute kikuukuu. Nikakitafuta. Nilifukua vyuma Mukuru kwa Njenga mpaka wauzaji wakaanza kuniita profesa wa takataka, nikauliza mafundi wa redio, nikauliza makanisani, na kila nilipopata ubao wa zamani ulikuwa umekatwa, umeungua, au panya wamezalia humo.

Ni Nerima aliyenitoa gizani, akichambua sukuma wiki jikoni wala hakuinua kichwa. "Si kuna ile chuma ya baba?" Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa ofisi moja kubwa mjini, na ofisi ilipoleta kompyuta mpya yeye akapewa moja ya zile za zamani, nzito kama sanduku la mahindi, lakini kabla haijamfikia yeye, mtu fulani wa ofisini alikuwa ameshaing'oa memori, kwa hiyo haikuwahi kuwaka hata mara moja. Mzee akafariki akiahidi kwamba siku moja itawaka. Tangu hapo iko nyumbani kwa mama mkwe Jericho, kando ya kitanda chake, imevikwa kitambaa cha kufuma na redio imekaa juu. Nerima akaenda, akafungua kifuniko, akarudi na kunieleza nafasi za memori zilivyokaa, na Abdinoor aliposikia maelezo hayo aliweka kikombe chake cha chai chini akasema, "Enda sasa hivi kabla mtu hajaitupa."

Hapo ndipo mguu uliponasa. Kwetu mkwe hampi mama mkwe mkono, hawaketi wakitazamana, na chumbani kwake hata kivuli chako hakiingii. Nikamtuma Nerima aombe mashine itolewe, na jibu likarudi hivi: "Mwambie baba Millicent kwamba marehemu aliiweka hapa kwa mikono yake. Kama ni kuwaka, itawaka hapa hapa."

Basi Jumamosi moja nikasimama sebuleni Jericho, mgongo wangu kwenye pazia la chumba, macho yangu kwenye kalenda ya ukutani, Nerima katikati ya mlango, na ndani mama mkwe na bisibisi. Mimi nasema, Nerima anarudia, mama anafanya. Ilikuwa kazi ya konokono, na kijiti cha kwanza kilipokataa kuingia Nerima akachanganyikiwa asijue anisikilize mimi au mama yake, nami nikajisahau, nikapaza sauti, "Mama, sukuma. Sukuma kwa nguvu, usiogope." Naye akanijibu moja kwa moja kupitia pazia, "Nikisukuma zaidi kitavunjika." Nikamwambia hakivunjiki, Mama, sukuma pande zote mbili kwa vidole gumba, mpaka jirani akabisha hodi akiuliza ni nani anajifungua.

Kikaingia. Cha pili kikaingia. Akabonyeza swichi, mashine ikalia pi, mara moja tu, na fundi yeyote anajua kwamba moja ni afya. "Inahesabu," akasema mama mkwe akisoma namba kwenye skrini. "Imepita elfu kumi. Imepita elfu sitini. Baba Millicent, haisimami, bado inapanda." Ilikuwa inaihesabu memori yote, Mama Teresiah, ile ile iliyokataliwa na mji mzima, na mama akaanza kupiga vigelegele, kisha sauti yake ikakatika nikamsikia anaita jina la marehemu mumewe na kumwambia imewaka. Nililia pale mbele ya kalenda. Nerima alilia. Jirani naye akalia na hajui kompyuta ni nini.

Sasa tatizo. Nimepeleka hata printa yangu Jericho kwa mkono wa Nerima ili kuijaribu, na haijarudi. Mama mkwe anasema mashine aliyoiamsha kwa vidole vyake haitoki bila yeye, na ikienda Kaloleni yeye anaifuata, akae nayo ofisini, afundishwe kupiga chapa. Baba mdogo wangu Dishon amepata habari, amekuja akiwa amevimba, anasema, "Wewe na mkweo mmepigiana kelele kama watu wa sokoni, na sasa unataka mkae chumba kimoja kutwa nzima?" Anataka niviache vijiti huko huko nivisahau, na nisikanyage Jericho mpaka wazee waseme. Nikimtii, ofisi imekufa. Nikimkataa, nimevunja heshima ya ukoo. Nerima anasema wote wawili ni wazazi, niamue mwenyewe. Nifanye nini?

Opicho, Kaloleni

*

Opicho mwanangu,

Kwanza pokea pongezi, halafu keti chini nikukaripie.

Umezunguka Nairobi nzima ukifukua takataka, na ulichokuwa unatafuta kilikuwa kimebeba redio nyumbani kwa wakwe zako. Ungezungumza na mkeo mapema ungeokoa viatu. Wanaume huwaambia mafundi shida zao zote, wake zao wanazijua kwa bahati mbaya wakichambua mboga. Hilo ulirekebishe hata kabla ya mambo ya mashine.

Sasa, mimi ni mtu wa Murang'a, mila za kwenu sizijui za kuhukumu, kwa hiyo nilimwendea jirani yangu Mama Mourine, mzaliwa wa Webuye, mwenye wakwe watatu na ulimi usiomwogopa yeyote. Nilimsomea barua yako. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawa makini akaniambia kijana huyu ana adabu. Hakuingia, hakugeuka, alitazama kalenda. Kosa lake ni sauti tu, na sauti ina dawa yake. Mkwe humpelekea mama mkwe blanketi, analipeleka kwa mkono wa shangazi wa mke, na mama akilipokea mbele ya watu wake, basi wanaweza kusemezana mambo ya kazi bila mtu kunong'ona. Ndivyo walivyofanya kwao na mkwe wake wa pili, anayemtengenezea paa.

Kwa hiyo blanketi, na liwe zito, usilete kitu cha kuonea haya. Baba mdogo wako Dishon umwalike aende na shangazi huyo kama shahidi. Mzee aliyevimba mara nyingi amevimba kwa sababu alisikia habari kwa watu badala ya kuambiwa na wewe. Mpe kiti cha mbele na utaona anavyonywea. Akikataa hata hivyo, umsalimie kwa heshima na uendelee na kazi yako, maana yeye hatamlisha Millicent.

Kuhusu ofisi, wewe mwenyewe umeshaonyesha njia na hukuiona. Mlifanya kazi ngumu kuliko zote mkiwa na pazia katikati, na ikafaulu. Basi weka pazia. Mama akae upande wa mlangoni na mashine na wateja, wewe ukae nyuma na printa na karatasi. Anayekuja na msiba wake akutane kwanza na mama mtu mzima aliyezika mume, atakayejua la kumwambia kabla ya kumuuliza picha iko wapi. Ofisi ngapi mjini zina mtu kama huyo?

Na usiniambie kwamba hataweza kupiga chapa. Ndani ya bahasha yako mlikuwa na karatasi nyingine ambayo naona hukuijua. Nadhani Nerima aliitia akienda posta, na usimgombeze. Imechapwa na printa yako, mistari imepanda na kushuka, nafasi kati ya maneno ni kubwa pengine na pengine hakuna. Nainakili yote:

"Mshauri mimi ndiye mama mkwe wa Opicho. Nimepiga hii peke yangu imenichukua mchana mzima. Marehemu alisema itawaka na watu walimcheka. Sitaki ikae gizani tena. Mwambie baba Millicent asiogope mila. Sitamtazama yeye. Nitakuwa natazama mashine."

Mtu kama huyo unamnyima kiti? Peleka blanketi, pigilia misumari ya pazia, na asubuhi mtakayofungua ofisi, wewe simama nyuma utazame kalenda yako. Swichi aibonyeze yeye.

Mama Teresiah